Kumwandikia Wasifu Mzee wa Picha za Kihindi: Mwongozo kwa Wanaotayarisha Usiku wa Sinema

Hapa Unguja mtu aliyekulia karibu na sinema atakutajia mastelingi wa picha za Kihindi kwa mfululizo bila ya kuvuta pumzi, na pengine akakuimbia na nyimbo zao, lakini ukimwuliza habari za yule mzee mwembamba mwenye mvi, ambaye katika picha moja ni baba wa binti, katika nyingine ni mwalimu wa skuli na katika ya tatu ni imamu kipofu, atakwambia tu kwamba "yule mzee yumo kila picha." Mzee huyo ana jina, ana mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na ana maisha ambayo kwa maoni yangu yanazishinda hadithi nyingi alizoigiza. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumwandikia wasifu mwigizaji wa namna hiyo, wasifu wa kurasa mbili au tatu wa kusomwa barazani au skuli kabla ya picha kuonyeshwa. Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo ni wa A. K. Hangal, kwa sababu ndiye niliyemwandikia mwenyewe, na takriban kila kosa ninalolitahadharisha hapa nimelifanya kwake.

Anza na uso

Stelingi hutafutwa kwa jina, na mwigizaji wa pembeni hutafutwa kwa uso. Katika picha za Kihindi za miaka ya 1970 majina hupita mwanzoni, la stelingi likiwa peke yake na kubwa, na ya wazee, majirani na watumishi yakiwa yamerundikwa pamoja kwenye kioo kimoja na kuondoshwa kabla hujayamaliza. Isimamishe picha hapo na uyanakili majina yote katika daftari kama yalivyoandikwa, hata yale usiyoyahitaji. Kisha endelea kutazama mpaka uso unaoutafuta utokee, usimamishe tena, uupige kwa simu na uandike dakika ulipotokea. (Sisi huita "picha" sinema na huita "picha" ile ya kutundika ukutani, humu nitaiita ile ya simu "foto" ili tusichanganyikiwe.)

Ukifanya hivyo kwa picha moja hutakuwa na jibu, kwa sababu nyuso ni nyingi na majina ni mengi. Fanya kwa picha tatu au nne, zisiwe zote za mwongozaji mmoja, ulinganishe orodha, na jina litakalojirudia pamoja na uso unaojirudia ndilo lako. Mimi nilitumia Guddi ya mwaka 1971, Bawarchi ya mwaka 1972, Sholay ya mwaka 1975 na Chitchor ya mwaka 1976. Kazi hiyo ilinichukua siku nne za jioni, na mpwa wangu aliyekuwa amekaa pembeni na simu yake alilipata jina hilo kwa nusu dakika. Hata hivyo sijuti, kwa kuwa yeye alipata jina na mimi nilikuwa nimeshaona namna mzee huyo anavyoingia mlangoni katika picha nne.

Jina likishapatikana, lifungue herufi zake. A. K. ni Avtar Kishan. Herufi za mwanzo huficha mengi, na jina la mwisho nalo linaweza kukupoteza: yuko Gangubai Hangal, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa kale wa India, ambaye jina lake limetokana na mji wa Hangal ulioko kusini mwa nchi hiyo, na ambaye hana udugu na mzee wetu, kwani huyu wa kwetu ni wa ukoo wa Kikashmiri na amezaliwa kaskazini kabisa. Ukitafuta kwa jina la mwisho pekee utajikuta umemwozesha mwigizaji kwa ukoo wa mwimbaji.

Daftari la safu tatu

Chukua daftari la kawaida la skuli, ugawe ukurasa safu tatu. Safu ya kushoto iwe ya mambo ya maisha yake kwa mwaka, ya kulia iwe ya picha alizocheza kwa mwaka, na ya kati iwe ya umri. Watu wengi huiacha ile ya kati, na hiyo ndiyo inayosema kweli. Hangal anatajwa kuwa amezaliwa tarehe 1 Februari 1914 katika mji wa Sialkot, ambao leo umo Pakistan. Picha yake ya mwanzo, Teesri Kasam ya mwongozaji Basu Bhattacharya, ilitoka mwaka 1966. Toa hesabu: alikuwa na miaka 52. Katika umri ambao mtumishi wa serikali huanza kuhesabu siku za kustaafu, yeye ndio kwanza anasimama mbele ya kamera. Alipocheza baba katika Guddi alikuwa na miaka 57, na alipocheza imamu katika Sholay alikuwa na 61.

Sasa linganisha na wenzake wa picha hiyohiyo. Katika Sholay yumo Thakur, bwana mwenye mvi aliyekatwa mikono, ambaye watazamaji wengi humchukulia kuwa mzee mwenzake imamu. Aliyeigiza Thakur ni Sanjeev Kumar, mzaliwa wa mwaka 1938, kwa hiyo picha ilipotoka alikuwa na miaka 37, na mvi zile ni za kupakwa. Wazee wawili wanasimama kijiji kimoja, mmoja ni mzee kweli na mwengine angeweza kuwa mwanawe. Jambo kama hili hulioni kwa kutazama, linatoka katika safu ya kati, na ukilisoma barazani utaona vichwa vinageuka.

Safu hiyo hiyo ndiyo itakayokusaidia tarehe zinapogongana, na kwa waigizaji wa zama hizo zitagongana. Kuna wanaomwandika Hangal kuwa amezaliwa mwaka 1917. Alifariki tarehe 26 Agosti 2012 mjini Mumbai. Kwa hesabu moja alikuwa na miaka 98 na kwa nyingine 95. Usichague tarehe kwa sababu inapendeza. Weka mbele ile inayotajwa zaidi, uitaje na ya pili kwa sentensi moja, kisha utazame tofauti hiyo inabadilisha nini katika maisha yake. Kwa mfano, alikulia Peshawar, mji ambao mwezi wa Aprili 1930 askari wa Kiingereza waliwapiga risasi waandamanaji katika soko la Qissa Khwani. Kijana wa miaka 16 katika mji kama huo ni mtu mmoja, na mtoto wa miaka 13 ni mtu mwengine. Kwa upande wa kazi yake ya sinema, tofauti hiyo haina uzito: awe alianza na miaka 52 au 49, alianza akiwa mtu mzima mwenye maisha mazima nyuma yake.

Maisha kabla ya kamera

Hapa ndipo penye utajiri, nami nakuomba upape nafasi kubwa kuliko unavyodhani panastahiki. Wasifu wa stelingi huweza kuanza na picha yake ya kwanza. Wasifu wa mwigizaji wa pembeni ukianza hapo umeanza mwishoni.

Hangal alikuwa fundi cherahani. Baba yake, mtu wa tabaka la watumishi wa serikali, angependa mwanawe ashike kazi ya ofisi chini ya Waingereza, naye akaenda kujifunza kukata na kushona nguo. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha kwa miaka mingi ya ujana wake. Huku akishona alikuwa akicheza maigizo ya jukwaani, na huku akicheza maigizo alikuwamo katika harakati za kupinga ukoloni na baadaye katika siasa za mrengo wa kushoto. Familia ilihamia Karachi, na India ilipogawanywa mwaka 1947 yeye alibakia upande uliokuwa Pakistan, akafungwa gerezani kwa ajili ya siasa zake, na alipoachiwa mwaka 1949 akavuka kwenda Bombay kuanza upya. Huko alijiunga na Jumuiya ya Tamthilia ya Watu wa India, ambayo wenyewe huiita IPTA, iliyoundwa mwaka 1943 na ambamo walikuwamo Balraj Sahni, mwigizaji, na Kaifi Azmi, mshairi. Kati ya kuingia Bombay na kuingia kwenye sinema ikapita miaka 17.

Kuyapata haya hakuhitaji nauli ya kwenda India. Hangal mwenyewe aliandika kitabu cha maisha yake, na magazeti ya India yaliandika tanzia ndefu alipofariki, ambazo nyingi zinasomeka kwenye intaneti. Kanuni yangu ni hii: jambo la maisha yake alilolisema mwenyewe liandike kuwa kalisema yeye, jambo lililoandikwa na magazeti mawili yasiyonakiliana liandike kuwa limetokea, na jambo tamu ulilolikuta pahala pamoja tu, bila ya mwenyewe kutajwa, liache likae kwenye daftari. Utajuaje kama yamenakiliana? Tazama makosa. Magazeti mawili yakikosea herufi moja ya jina la mji kwa namna ileile, basi ni gazeti moja.

Ukishakuwa na maisha haya kushawishika kutakuja kwenyewe: utataka kusema kwamba alicheza vizuri nafasi za watu wanyonge kwa kuwa alikuwa fundi, na alicheza kiongozi wa wafanyakazi katika Namak Haraam ya mwaka 1973 kwa kuwa alikuwa mkomunisti. Huenda ni kweli. Hata hivyo waongozaji walimpa pia nafasi za matajiri na za makarani wenye hofu, na katika Shaukeen ya mwaka 1982, pamoja na Ashok Kumar na Utpal Dutt, alicheza mmoja wa wazee watatu wenye tamaa ya starehe za ujana, nafasi ambayo haina hata chembe ya gereza la Karachi. Liweke gereza katika sentensi moja na kiongozi wa wafanyakazi katika sentensi inayofuata, na msikilizaji ataunganisha mwenyewe akitaka.

Onyesho moja, litazamwe mara tatu

Mwigizaji wa pembeni hana picha yake, ana dakika zake. Kwa hiyo huwezi kueleza kazi yake kwa kusimulia hadithi ya picha nzima. Ukifanya hivyo utakuwa umerudi kwa stelingi bila ya kujijua. Chagua onyesho moja tu, na ulitazame mara tatu kwa njia tatu.

Sholay ina zaidi ya saa tatu, na Hangal humo ana maonyesho machache mno. Nililolichagua ni lile linalojulikana na wote: imamu kipofu wa kijiji cha Ramgarh ana mwana mmoja, Ahmed, kijana anayetakiwa aondoke akatafute kazi mjini, na majambazi wa Gabbar Singh wanamwua njiani, na farasi anarudi kijijini na maiti yake.

Mara ya kwanza litazame kama watazamavyo watu wote, na usiandike chochote.

Mara ya pili zima sauti. Sasa angalia mwili. Wanakijiji wamesimama kimya wamezunguka maiti, na mzee anatoka huku akitanguliza fimbo. Macho yake hayatui kwa mtu yeyote, yanatazama juu kidogo ya vichwa vya watu. Anaposogezwa kwa maiti, mikono ndiyo inayofanya kazi ya macho: inapapasa na kutambua, na uso unajua baadaye kidogo kuliko mikono. Kuchelewa huko kwa uso ni nusu ya pumzi tu, na mimi sikukuona mpaka nilipozima sauti. Mwigizaji wa jukwaani aliyezoea kuonekana na mtu wa safu ya nyuma kabisa angeweza kupiga ukelele hapo, na ukumbi mzima ungempigia makofi. Yeye amejizuia.

Mara ya tatu geuka, uipe televisheni kisogo, usikilize tu. Utasikia akiuliza kwa nini pamekuwa kimya namna hii, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki sokoni, kwa kuwa bado hajui. Swali hilo la maneno machache limekuwa msemo India nzima, na watu hulitumia kwa mzaha wakiingia kwenye chumba walichonyamaza watu. Baadaye, wanakijiji wanapoanza kusema kwamba heri wale vijana wawili waliokuja kuwalinda watolewe kwa majambazi ili balaa liishe, utamsikia akisema, kwa maana hii, kwamba mzigo mzito kuliko yote duniani ni jeneza la mwana juu ya bega la baba yake, na kwamba yeye mzee anaubeba, na wao je? Kisha panasikika adhana, naye anakwenda msikitini akisema atamwuliza Mungu kwa nini hakumjaalia watoto zaidi wa kufa kwa ajili ya kijiji hiki.

Ukimaliza andika sentensi tano tu, na kila moja iwe na kitendo kinachoonekana au kusikika. Maneno kama "aliigiza kwa hisia kali" yafute, kwa sababu hayamwonyeshi msikilizaji kitu. Andika: "Mikono yake imeujua uso wa mwanawe kabla uso wake haujajua." Na usitafsiri maneno ya picha kwa kukisia; mimi hujua Kihindi cha kununulia vitambaa tu, kwa hiyo nilimwomba mzee mmoja wa Mji Mkongwe aliyesoma Kihindi anisikilizie, naye akanirekebisha pahala pawili ambapo maandishi ya chini ya kioo yalikuwa yamekata maneno.

Makosa yanayofanywa na watu waangalifu

Kosa langu kubwa nilifanya mbele ya watu. Mara ya kwanza kusoma wasifu huu, barazani, baada ya sala ya Isha, nilianza kwa kusema kwamba Hangal alikuwa Muislamu wa Kashmir. Hakuna aliyeniambia, nilimwona amevaa kofia na kanzu, nimemwona akenda msikitini, na machozi yakanitoka, nikakata shauri. Bibi mmoja aliyekaa kizingitini kwa jirani, ambaye hakualikwa rasmi wala hakuhitaji kualikwa, akanikatiza kwa upole:

"Mwanangu, yule si Muislamu. Yule Baniani."

Nikamwuliza kwa heshima kajuaje. Akaniambia kwamba enzi hizo mabaharia wakileta majarida ya sinema kutoka Bombay, nao wakipokezana nyumba kwa nyumba mpaka yanachanika, na kwamba kila mtu aliyesoma majarida alijua. Kisha akaongeza, na watu wakacheka: "Lakini kile kilio alilia kama wetu." Ukoo wa Hangal ni wa Mapandit wa Kashmir, yaani Wahindu. Tangu siku hiyo huandika mstari mwekundu katika daftari baina ya mhusika na mwigizaji, na sivukishi kitu juu ya mstari huo mpaka nipate ushahidi: wala dini, wala upofu, wala ulevi, wala ukorofi. Waigizaji wa nafasi za adui wameteseka kwa jambo hili zaidi kuliko mtu mwengine yeyote.

Kosa la pili ni idadi ya picha. Utakuta kwamba Hangal alicheza picha 200, utakuta 225, na utakuta zaidi ya hapo. Orodha hizi hazihesabu vitu sawa, kwani wengine huingiza picha ambazo maonyesho yake yalikatwa na wengine huingiza michezo ya televisheni. Sema "zaidi ya 200" uendelee mbele.

Tatu ni majina ya pahala. Mji uliitwa Bombay hadi mwaka 1995, ukaitwa Mumbai baada ya hapo. Kwa hiyo Hangal alihamia Bombay na akafia Mumbai bila ya kuhama. Tumia jina la wakati wake. Vivyo hivyo Sialkot na Peshawar: alipozaliwa na kukulia huko hapakuwa na nchi inayoitwa Pakistan, na msikilizaji kijana asipoelezwa hilo atamdhania kuwa ni mgeni nchini India.

Jambo hili la mpaka lina tukio lake, na usiliruke kwa kuona ni siasa. Mwaka 1993 Hangal alihudhuria sherehe ya siku ya taifa katika ubalozi mdogo wa Pakistan mjini Bombay. Shiv Sena, chama cha siasa kali za Kihindu, kikamshambulia na kutaka asusiwe, picha zake zikaondolewa katika majumba ya sinema, na kwa muda wa kiasi cha miaka miwili hakupata kazi. Alikuwa karibu na miaka 80, mtu aliyefungwa Karachi kwa siasa zake, na sasa anaadhibiwa Bombay kwa kuikumbuka ardhi aliyozaliwa. Katika kisiwa ambacho kila familia ina mtu ng'ambo, hakuna haja ya kueleza zaidi. Andika tukio, mwaka na urefu wa adhabu, ukomee hapo.

Kumbukumbu za hapa kwetu

Wasifu utakaosomwa Unguja au Pemba unahitaji nusu ukurasa wa watu wa hapa waliomwona. Wazee watakutajia majumba: Majestic pale Vuga, Empire pale Darajani, Cine Afrique pale Malindi ambayo kabla ya Mapinduzi ikiitwa Sultana. Kuhusu majengo andika lile lenye tarehe tu. Sinema ya Vuga, kwa mfano, jengo lake la mwanzo lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, likaungua mwaka 1954, na hili la Majestic tunaloliona likafunguliwa mwaka 1955.

Ukienda kumhoji mzee usimwanzie na swali la jina. Msalimie, kaa, acha kahawa ije, kisha mwonyeshe foto kwenye simu na umwulize, "Huyu ulimwona wapi?" Swali la "wapi" hufungua ukumbi mzima: nani alikaa naye, tiketi ilinunuliwa na nani, mvua ilinyesha au haikunyesha, kina mama walikwenda siku yao peke yao au pamoja na waume. Swali la "nani" hufunga mlango, kwa sababu mtu akikosa jina huona haya na kunyamaza. Jambo jengine nililoligundua ni kwamba watu wetu hukumbuka picha za Kihindi kwa nyimbo, na si ajabu, kwa kuwa tarabu yetu imeazima tuni nyingi huko. Lakini Hangal si mtu wa nyimbo, ni mtu anayekaa kitini wakati vijana wanaimba. Kwa hiyo nilizoea kuimba mstari mmoja wa wimbo wa picha hiyo, mzee akishaupata anaendelea nao, na wimbo ukesha ndipo ninapouliza, "Na baba wa binti alikuwa nani?"

Andika maneno yake kama alivyoyasema, na umwombe ruhusa kabla ya kuyasoma mbele ya watu. Asiyetaka jina lake litajwe mwite "mzee mmoja wa Malindi" au "bibi mmoja wa Wete," inatosha. Na akikwambia kwamba aliiona Sholay mwaka fulani, andika kwamba ndivyo anavyokumbuka, usiandike kwamba ilionyeshwa mwaka huo. Anayetaka mwaka wenyewe aende Nyaraka za Taifa pale Kilimani akapekue magazeti, na aende asubuhi.

Kuandika na kusoma

Anza na onyesho, zile sentensi zako tano. Kisha jina lake kamili. Kisha rudi Sialkot na uje mbele kwa miaka, ukikaa zaidi kwenye cherahani, gereza na jukwaa, na ukizipita picha zenyewe kwa haraka: tano au sita zinatosha, na kwa Hangal mimi hutaja Teesri Kasam, Guddi, Namak Haraam, Sholay, Shaukeen, na Lagaan ya mwaka 2001, ambamo alikuwa na miaka 87. Taja kwamba mwaka 2006 serikali ya India ilimtunuku Padma Bhushan, ambayo ni nishani ya tatu kwa ukubwa miongoni mwa zile wanazopewa raia. Hayo ya nishani yanamalizika kwa sentensi moja.

Miaka yake ya mwisho inahitaji mkono mwepesi. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba yeye na mwanawe, ambaye naye alikuwa mtu mzima sana, hawawezi kulipa gharama za matibabu, na baadhi ya watu wa sinema wakajitokeza kumsaidia. Mwaka huohuo alipita katika onyesho la mavazi akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Agosti 2012 alianguka nyumbani akavunjika mfupa wa paja, na hakuondoka tena spitali. Yaandike haya kwa mpangilio huo, bila ya kulia na bila ya kulaumu. Nimewahi kuwasikia wasomaji wakilivuta jambo la umasikini wake kwa dakika kumi kana kwamba ndilo lililomfanya astahiki kusomewa. Mtu aliyefanya kazi mbele ya kamera hadi miaka 98 hahitaji kuonewa huruma na baraza.

Kwa kusoma, kurasa mbili na nusu kwa mkono wa kawaida huchukua dakika kumi na mbili, na hicho ndicho kipimo. Soma kwanza peke yako kwa sauti, na kila sentensi iliyokukata pumzi uigawe. Tundika shuka, jaribu projekta, na uhakikishe betri ya akiba imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya saa ya tatu hakuna wasifu utakaowarudisha watu. Chapisha foto moja ya uso wake, kubwa, uipitishe mkono kwa mkono wakati unasoma. Kama picha ya usiku huo ni Sholay na wamo watoto ambao hawajaiona, liondoe onyesho la imamu mwanzoni mwa wasifu, uanze na cherahani, na lile onyesho ulisome picha ikesha. Bibi wa kizingitini mtengee kiti cha mbele. Naye atakataa, atakaa palepale pake, na atakurekebisha kutoka huko.